Bei ya umeme ya usiku: inafaa nyumba yako au la?

Wapo wanaosubiri usiku uingie ndipo wanunue umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, kwa imani kwamba uniti za usiku huja nyingi kuliko za mchana. Hapo mambo mawili yamechanganywa. Mita ya kawaida ya kulipia kabla haijali umenunua saa ngapi wala unatumia saa ngapi. Zile namba 20 unazobonyeza zinabeba idadi ya uniti, basi. Bei imeshakatwa dukani au kwenye simu. Uniti ukiipeleka kwenye friji saa 8 mchana au kwenye feni saa 8 usiku, inashuka vilevile.

Bei ya saa ni jambo jingine. Hapa muuzaji anakutoza bei mbili, wakati mwingine tatu, kulingana na saa uliyowasha kifaa. Jioni uniti ni ghali, usiku wa manane ni rahisi. Ili hilo liwezekane, mita lazima iwe na saa ndani yake na ihesabu mafungu mawili mbalimbali, ambayo kwenye kioo mara nyingi huandikwa T1, la mchana na jioni, na T2, la usiku. Kwa hiyo akija mwenye nyumba za kupangisha, au kampuni ya sola inayouza umeme mtaani, akakwambia ana bei nafuu ya usiku huku mita uliyonayo inaonyesha uniti zilizobaki tu, swali la kwanza ni: mita hii itajuaje kwamba ni usiku?

Kuna sababu ya muuzaji kukubali kupunguza bei, na kwa Unguja sababu hiyo iko chini ya bahari. Umeme wa kisiwa unavuka kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, unaingia Fumba na kuendelea hadi Mtoni. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980 ukiwa na uwezo wa megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa 2013 kwa fedha za Marekani. Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta ya Wesha hadi 2010, ulipofika waya wa kilovolti 33 kutoka Tanga kwa msaada wa Norwei. Ukubwa wa waya wa namna hii hupangwa kwa kuangalia saa chache tu za siku, zile ambazo kila mtu amewasha kila kitu kwa pamoja. Kwetu giza huingia muda uleule karibu mwaka mzima, kati ya saa 12 na saa 1. Watu wamerudi nyumbani, taa zote zinawaka, televisheni iko juu, pasi inapigwa kwa ajili ya skuli kesho, na jikoni pana moto. Saa 9 usiku waya uleule una nafasi tele, lakini gharama ya kuuweka haipungui kwa sababu watu wamelala. Bei ya usiku ni njia ya kukwambia: hamisha unachoweza kuhamisha, na sehemu ya kile tutakachookoa tutakuachia.

Walioanza zamani ni wenzetu wa nchi za baridi. Uingereza wana mpango uitwao Economy 7 tangu 1978, saa saba za usiku kwa bei ya chini, na waliolengwa walikuwa wenye hita za matofali: tofali linapashwa moto usiku kucha, mchana linatoa joto polepole. Afrika Mashariki bei za saa zimeanzia kwa wakubwa. Uganda zinawahusu wafanyabiashara na viwanda. Kenya ilianza Desemba 2017 kwa viwanda na biashara, tena nafuu ilikuwa kwa uniti zinazozidi kiwango ambacho mteja alikuwa akitumia tangu awali. Kipengele hicho cha mwisho kikumbuke, tutakirudia.

Zanzibar hatuna tofali la kupasha. Tuna vitu vingine vinavyoweka akiba: tangi la maji juu ya dari, hita ya maji ya tangi, frizi ya barafu, betri. Nyumba isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, wala haina kiyoyozi chumbani, ina kidogo sana cha kuhamisha, hata ikijitahidi vipi.

Hesabu ni moja tu

Weka kando maneno ya matangazo. Unahitaji bei tatu: bei moja unayolipa sasa, bei ya mchana na jioni katika mpango mpya, na bei yake ya usiku. Angalia kwa makini hiyo ya katikati, kwa sababu karibu kila mara iko juu kuliko unayolipa leo. Matangazo huandika ya usiku kwa herufi kubwa, hii huandikwa chini.

Tuchukue namba za mfano. Si bei ya shirika lolote. Bei halali za umeme Zanzibar zinasimamiwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati, na lazima uzichukue kwenye tangazo lenyewe. Tuseme sasa unalipa shilingi 300 kwa uniti. Mpango mpya ni shilingi 345 mchana na jioni, na shilingi 195 kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Toa bei moja kutoka bei ya mchana: 345 kutoa 300 ni 45. Toa bei ya usiku kutoka bei ya mchana: 345 kutoa 195 ni 150. Gawa 45 kwa 150, unapata 0.30. Maana yake, asilimia 30 ya matumizi yako ikiangukia usiku, bili haibadiliki. Ikizidi 30, unapata. Ikipungua, unalipa zaidi ya zamani. Namba zikibadilika, fanya vilevile: pengo la kupanda, gawa kwa pengo la bei mbili.

Sasa linganisha na kitu hiki. Saa nane za usiku ni theluthi moja ya siku, yaani asilimia 33. Kifaa kinachofanya kazi saa 24 bila kuchagua, kama friji, tayari kina takriban theluthi yake usiku. Hushuka kidogo tu, pengine asilimia 30, kwa sababu usiku hakuna anayefungua mlango. Kwa hiyo nyumba nyingi hazianzi kutoka sifuri. Zinaanza karibu na mstari wa asilimia 30. Kinachozivuta chini ni jioni.

Pima kabla ya kukisia

Watu hukosea sana wanapokisia matumizi yao ya usiku, kwa sababu wanakumbuka kelele badala ya uniti. Pampu inavuma, mashine ya kufulia inatikisika, basi mtu anaona hizo ndizo zinazokula. Mita haijali kelele.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili soma mita mara mbili kwa siku: saa 4 usiku kabla ya kulala, na saa 12 asubuhi. Mita nyingi za kulipia kabla zina namba fupi ya kubonyeza inayoonyesha jumla ya uniti zote zilizowahi kupita. Hiyo ni bora kuliko salio, maana haiharibiki ukiongeza umeme katikati. Namba yenyewe hutofautiana kwa kila aina ya mita, kwa hiyo mwulize fundi aliyeifunga. Ukilazimika kutumia salio, andika kila uniti unayoongeza. Salio likiwa 84.6 usiku na 82.3 asubuhi, usiku huo umekula 2.3. Jumlisha za usiku zote, gawa kwa jumla ya wiki mbili, umepata asilimia yako.

Usipime ndani ya Ramadhani. Mwezi ule nyumba hubadilika kabisa: futari inapikwa kuanzia alasiri na jiko linaendelea hadi baada ya magharibi, watu wanakesha, halafu daku saa 9 au 10 usiku linasukuma matumizi kwenye saa za nafuu. Ni mwezi mmoja kati ya kumi na mbili. Ukiutumia kama kipimo utadanganyika. Msimu nao una uzito wake. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, feni na viyoyozi havilali. Kipupwe cha Juni hadi Agosti wengine hawawashi hata feni. Kama unaweza, pima wiki mbili kila msimu. Kama una haraka, pima sasa na ujue msimu uliopo unavuta upande gani.

Hivi ndivyo inavyoweza kuonekana nyumba ya vyumba vitatu, tuseme Tomondo, isiyo na kiyoyozi. Friji uniti 1.5 kwa siku. Feni tatu za wati 60 zinazozunguka usiku kucha ni 1.4, na jioni na mchana ni 1 nyingine. Taa za LED 0.4, televisheni 0.4, pasi 0.3, pampu 0.4, birika na sufuria ya presha ya umeme 0.7, ruta na simu 0.2. Jumla 6.3. Za usiku ukizitenga, feni zikiwa ndizo mzigo mkubwa, unapata kama 2.25, sawa na asilimia 36. Imevuka 30. Kwa bei moja siku inagharimu shilingi 1,890. Kwa bei mbili shilingi 1,836. Faida ni shilingi 54 kwa siku, kama 1,600 kwa mwezi. Ukitozwa shilingi 2,000 kila mwezi kwa huduma ya mita mpya, faida imekwisha na umeanza kudaiwa.

Nyumba ileile ikiwa na kiyoyozi cha inveta cha BTU 12,000 chumbani, kinachowashwa saa 4 usiku hadi saa 12, ongeza uniti 5 hivi, zote za usiku. Jumla 11.3, usiku 7.25, asilimia 64. Bei moja shilingi 3,390, bei mbili shilingi 2,811. Faida ni shilingi 579 kwa siku, zaidi ya 17,000 kwa mwezi, na hakuna aliyebadilisha chochote.

Tazama sasa nyumba inayopika kwa umeme, yenye watu mchana kutwa na cherehani inayofanya kazi sebuleni: uniti 10 kwa siku, 2 tu za usiku. Bei moja ni shilingi 3,000. Bei mbili ni 3,150. Hasara ya 4,500 kwa mwezi, na hasara hiyo inampata mtu aliyeingia kwenye mpango kwa nia ya kubana matumizi. Kwa maoni yetu, nyumba ya namna hii ibaki ilipo.

Nini kinahamishika kweli

Kwa bei zetu za mfano, kila uniti unayoihamisha kutoka jioni kwenda usiku inakuokolea shilingi 150. Hiyo ndiyo rula ya kupimia kila wazo.

Hita ya maji ya tangi ndiyo mshindi. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunahitaji uniti 1.9, na hita ya kilowati 1.5 huchukua kama saa moja na robo. Iwake saa 10 alfajiri, ikifika saa 11 na robo maji yako tayari kwa wanaoamka kusali na wanaokwenda kazini. Maji yakitumika mapema, hayapati muda wa kupoa, kwa hiyo unaokoa mara mbili. Zile hita ndogo za kwenye bomba la kuogea, za kilowati 3.5 na zaidi, haziweki akiba. Njia pekee ya kuzihamisha ni wewe kuoga kabla ya saa 12 asubuhi.

Frizi inafuata, hasa kwa anayeuza barafu au malai. Kugandisha lita moja ya maji ya nyuzi 28 kunakula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Pakiti 20 za lita moja ni uniti 2. Ziingize saa 4 usiku badala ya saa 10 jioni, kazi nzima inaangukia bei ya chini. Kosa la kawaida hapa ni kuzirundika katikati zote kwa mkupuo. Katikati ya rundo huwa bado maji asubuhi, na frizi inaendelea kugandisha mchana kwa bei ya juu. Zipange tabaka moja moja zikigusa kuta, na usizidishe kile frizi yako inachoweza kumaliza usiku mmoja.

Betri za pikipiki na skuta za umeme zinahamishika zenyewe, maana chombo kimelala usiku. Betri ya volti 60 na ampea-saa 20 ni uniti 1.2, na chaja hupoteza kidogo, kwa hiyo mita itahesabu kama 1.4. Ichaji kwenye sakafu ya saruji barazani au kibandani, si ukumbini kwenye njia ya kutokea, kwa sababu moto wa betri ya lithiamu ukianza watu wamelala hautoi nafasi ya kufikiri.

Pampu ya maji watu huikimbilia kwanza, na kwa kawaida inatoa kidogo. Pampu ya nusu farasi hujaza tangi la lita 1,000 kwa nusu saa au zaidi kidogo na kula uniti 0.3 au 0.4. Ukihamisha yote ni shilingi 45 hadi 60. Kwa pesa hizo, na kwa jirani wa Mji Mkongwe ambaye ukuta wake ndio ukuta wako, usingizi wa watu una thamani zaidi. Isipokuwa maji ya mtaani kwenu huja usiku tu, na hapo mnaamka hata hivyo. Kisima kirefu ni habari nyingine: pampu ya kuzamisha ya kilowati 1.1 ikifanya kazi saa mbili ni uniti 2.2, hiyo inastahili kuhamishwa. Na kuna faida ya pembeni ambayo mita haiionyeshi. Mitaa ambayo volti hushuka sana jioni, mota huvuta ampea nyingi na kupata moto. Usiku volti imetulia na mota inazunguka kwa raha.

Pasi, saa moja kwa wiki mara mbili, haina maana ya kuamkia. Mashine ya kufulia kwa maji baridi hula uniti 0.2 au 0.3 kwa mzunguko. Kuiacha ikizunguka watu wamelala, na mpira wa maji unaoweza kuchomoka, kwa shilingi 40, si biashara. Birika: lita moja ya maji ni sehemu moja ya kumi ya uniti. Ichemshe alfajiri ujaze chupa ya chai, lakini kwa sababu ya chai.

Friji usiiguse. Wapo wanaoizima saa 1 hadi saa 4 usiku kukwepa bei ya jioni. Kwa saa tatu hizo ingekula uniti 0.2. Ukiiwasha tena inafanya kazi ya ziada kurudisha baridi iliyopotea, kwa hiyo hukuokoa umeme, umehamisha tu. Faida haifiki shilingi 30, na changu wa kesho ameanza kulegea. Tena ukiizima na kuiwasha papo hapo, kompresa inajaribu kuanza huku shinikizo la gesi halijashuka. Inaguna, ovalodi (swichi yake ya kinga) inakata, ikirudiwa mara nyingi inaungua. Iache dakika tano angalau.

Saa ya mita na saa yetu

Hapa ndipo makosa mengi ya kipuuzi hutokea. Jedwali la bei huandikwa 22:00 hadi 06:00, au 10 PM hadi 6 AM. Mtu anasoma 10 anafahamu saa kumi, anaweka hita iwake alasiri kwenye bei ya juu. Kwa saa za 24, kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa 6, na 19:00 hadi 24:00 toa 18: 22:00 ni saa 4 usiku. Kuanzia 01:00 hadi 06:00 ongeza 6: 04:00 ni saa 10 alfajiri, 06:00 ni saa 12. Andika kwa kalamu ya wino mnene kwenye kibandiko ukibandike pembeni ya taima, ile swichi ya saa inayowasha na kuzima kifaa yenyewe.

Taima nazo zina mambo yake. Ile ya mzunguko yenye vipini vya dakika 15 ni rahisi na haihitaji akili nyingi, lakini umeme ukikatika inasimama. Umeme ukikatika saa mbili leo, kuanzia kesho kila kitu kinachelewa saa mbili, na hita yako inawaka saa 12 asubuhi badala ya saa 10. Nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara inunue taima ya kidijitali yenye betri ndani. Ziada ya hapo, taima nyingi za kuchomeka huandikwa ampea 13, lakini hiyo ni kwa kifaa cha kupasha tu. Kompresa na pampu huvuta mara kadhaa zaidi zinapoanza, na ncha za ndani huungua. Hita ya kilowati 2 nayo, ikipita kwenye taima ya bei rahisi kila siku, hufanya plagi iwe ya moto na plastiki kugeuka rangi ya kahawia. Ukiona hivyo, acha. Fundi afunge kontakta, swichi nzito inayoendeshwa kwa umeme, kwenye boksi, taima iamrishe kontakta, na kontakta ibebe mzigo.

Usiweke vyote vianze saa 4 kamili. Kiyoyozi, hita, frizi na chaja vikiruka kwa pamoja kwenye nyaya za zamani, sakiti breka inaanguka na usiku mzima wa bei nafuu unapita nyumba ikiwa giza. Pishanisha kwa robo saa. Kuna sababu nyingine ya kuchelewa kidogo: saa ya mita huteleza dakika chache kwa mwaka kama saa yoyote. Kaa mbele ya mita usiku mmoja, uone T1 inageuka kuwa T2 dakika ipi hasa kwa saa ya simu yako, kisha panga taima zote dakika kumi baada ya hapo.

Na betri ya ukutani?

Swali hili linakuja kwa wenye inveta: kwa nini nisijaze betri usiku kwa shilingi 195, nikaitumia jioni badala ya kununua kwa 345? Inawezekana, lakini betri na inveta hula asilimia 15 hivi njiani. Uniti ya 195 ikifika kwenye taa imeshakuwa 229. Unachookoa ni shilingi 116 kwa uniti. Betri ya lithiamu inayodumu mizunguko 3,000 itakurudishia, kwa kila uniti ya ujazo wake, kama shilingi 348,000 katika maisha yake yote, miaka minane na zaidi ikizungushwa kila siku. Uliza dukani betri ya ujazo huo ni shilingi ngapi, pamoja na inveta, ulinganishe. Mwenye betri tayari kwa ajili ya kukatika umeme ana hesabu nyepesi zaidi, mradi asiimalize kila jioni akabaki mikono mitupu umeme ukikatika saa 5.

Kabla ya kusaini

Kama nyumba yako inatumia umeme kidogo na iko kwenye kundi lenye bei ya unafuu, kwanza uliza kama kuhama kutakutoa humo. Bara, kwa mfano, shirika la umeme la TANESCO lina kundi la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wanaolipa shilingi 100 kwa uniti. Hakuna bei ya usiku ya kawaida itakayoshinda hiyo. Pili, bei ya usiku inahusu uniti zote za usiku, au zile zinazozidi kiwango fulani kama ilivyokuwa Kenya? Kama ni zinazozidi tu, hesabu yote ya juu inabadilika, kwa sababu feni na friji zako za kila siku hazihesabiki. Tatu, Jumapili na sikukuu ziko upande gani. Nne, nani analipia mita mpya, na ikiharibika saa yake utatozwa bei gani hadi itengenezwe. Tano, unaweza kurudi kwenye bei moja baada ya muda gani, na kwa gharama gani.

Mpangaji ana swali lake peke yake: mita ndogo ya chumbani mwako inahesabu bei mbili, au mwenye nyumba ndiye mwenye mpango na wewe anakutoza bei moja ya mchana saa zote? Mwombe uione mita kubwa.

Siku ya kubadilishiwa, piga picha ya T1 na T2 kabla fundi hajaondoka. Piga tena baada ya siku 30. Gawa ongezeko la T2 kwa jumla ya ongezeko la zote mbili, ulinganishe na ile asilimia ya kwenye daftari lako. Zikipishana sana, usianze kuwalaumu watoto kwa kuacha taa. Kaa tena mbele ya mita saa 4 usiku, uangalie T2 inaanza lini.